Mtetea Mzee Anapougua: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya mwenye kuku wachache nyuma ya nyumba, ambaye mtetea wake ana miaka minne, mitano au zaidi, hatagi kama zamani, na asubuhi moja amekutwa kajikunyata pembeni ya banda. Tunazungumzia kuku wa kienyeji na chotara. Mwenye kuku mia tano wa biashara ana hesabu nyingine.

Kuku huanza kuitwa mzee akiwa na umri gani?

Mtetea wa kienyeji akitunzwa huishi miaka 5 hadi 8, na wachache hufika 10. Wengi hawafiki huko kwa sababu ya mdondo (ugonjwa wa virusi wa kuku), kicheche, mwewe na kisu. Mayai huwa mengi mwaka wa kwanza na wa pili, kisha hupungua kila mwaka. Chotara na kuku wa mayai wa kisasa huchoka mapema zaidi: mwili wao umetengenezwa kutoa yai karibu kila siku, na njia ya uzazi ndiyo inayoharibika kwanza. Kwa hao, miaka mitatu tayari ni uzee.

Nitajuaje kama anaumwa au ni uzee tu?

Uzee huja polepole, ugonjwa huja kwa siku. Mzee hupanda kichanja kwa shida, hulala mapema na hutangulia kuchoka juani, lakini mkimwaga mtama anakuja. Mgonjwa haji. Hicho ndicho kipimo cha kwanza na hakigharimu kitu.

Tatizo ni kwamba kuku huficha ugonjwa. Akionyesha unyonge hupigwa na wenzake, kwa hiyo hujikaza hadi nguvu ziishe. Ukimkuta mabawa yameshuka, macho nusu yamefumbwa, manyoya yametuna na mkia umelala, mara nyingi ana siku kadhaa anaumwa. Usiseme "tumwangalie mpaka kesho kutwa".

Mambo mawili huwadanganya watu. Kuku anayebadilisha manyoya huwa kachakaa, upanga umepauka na hatagi. Hali hiyo huchukua wiki 8 hadi 12, lakini anakula vizuri. Na anayeatamia hukaa kiotani, hutuna na kufoka ukimsogelea, hula mara moja kwa siku na kutoa kinyesi kikubwa chenye harufu kali. Wote wawili hawaumwi.

Nimemkuta kajikunyata. Nianze na nini?

Dawa ya unga uliyonunua dukani iache kwanza. Siku ya kwanza kuna mambo matatu: kumtenga, kumpa joto, kumpa maji. Kuku wengi wazee hufa kwa baridi na ukosefu wa maji kabla ugonjwa wenyewe haujawamaliza.

*Kumtenga.* Tafuta boksi la katoni, tenga kubwa au kizimba chenye nafasi ya sentimita 60 kwa 60. Weka mahali penye kivuli, tulivu, mbali na wenzake. Chini tandika gunia safi, na juu yake magazeti yaliyochanwachanwa ili asiteleze. Maranda ni mazuri zaidi kwa kukaa, lakini siku mbili za mwanzo magazeti yanakuonyesha kinyesi chake, na kinyesi ni nusu ya uchunguzi. Wahudumie kwanza kuku wazima, mgonjwa awe wa mwisho, kisha nawa kwa sabuni.

*Joto.* Mwili wa kuku mzima una nyuzi joto 41 hivi, na asiyekula hushindwa kuzitunza. Mahali alipo pawe na nyuzi 25 hadi 29. Dar es Salaam au Mombasa mchana huhitaji kufanya chochote. Njombe, Lushoto au Limuru usiku ni lazima umsaidie. Jaza maji ya moto kwenye chupa, ifunge vizuri, izungushie khanga kuukuu, uiweke upande mmoja tu wa boksi ili akizidiwa na joto ahame. Badilisha maji kila baada ya saa tatu au nne. Akiachama na kuhema huku kayaachanisha mabawa, joto limezidi. Jiko la mkaa usiliingize kabisa kwenye chumba alicholala: hewa yake huua ndege haraka kuliko mtu.

*Maji.* Kuku mmoja hunywa kama mililita 200 hadi 300 kwa siku, na wakati wa joto kali zaidi ya hapo. Mgonjwa mpe maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vya chai 6 vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko viwe bapa. Chumvi ikizidi ni sumu kwa kuku, kwa hiyo usikadirie kwa jicho. Pakiti ya ORS ya lita moja inafaa vilevile. Yaliyobaki baada ya saa 24 yamwage. Siku mbili zinatosha, kisha rudi kwenye maji ya kawaida.

Hanywi mwenyewe. Nimnyweshe vipi bila kumpalia?

Chovya ncha ya mdomo wake kwenye maji. Wengi wakishaonja huendelea. Akikataa, tumia bomba la sindano lisilo na sindano. Kaa naye mapajani, kichwa chake kikiwa katika hali ya kawaida, na udondoshe tone moja moja pembeni mwa mdomo. Subiri ameze. Usimfinye kichwa kukiinua juu wala kusukuma maji kwa nguvu: tundu la hewa la kuku liko hapo hapo nyuma ya ulimi, na maji yakiingia mapafuni umemuua wewe, si ugonjwa. Mililita 5 kila nusu saa ni bora kuliko mililita 50 kwa mkupuo. Kuku aliyelegea kabisa hadi hawezi kushika kichwa chake asinyweshwe chochote mdomoni. Huyo ni wa daktari.

Namkagua vipi? Sijui hata niangalie wapi.

Mshike jioni akiwa ametulia, mwanga wa kutosha, mtu wa pili akusaidie. Anzia kichwani kwenda nyuma.

Upanga (wengine huita undu) uliopauka ghafla unaashiria upungufu wa damu, na nyumbani sababu ya kawaida ni wadudu wanaonyonya damu au minyoo. Upanga wa zambarau ni damu isiyozunguka vizuri. Kwa mzee mara nyingi ni moyo. Uso uliovimba wenye makamasi yanayonuka ni mafua ya kuku. Vipele vyenye magamba meusi juu ya upanga na pembeni mwa macho ni ndui.

Kisha gusa gole, kile kifuko cha chakula chini ya shingo, upande wake wa kulia. Jioni lijae, asubuhi kabla ya kula liwe tupu. Lililojaa asubuhi lina tatizo.

Pitisha vidole kwenye mfupa wa kidari. Kuku mwenye afya ana nyama pande zote mbili na mfupa unausikia kama ukingo wa mviringo. Ukiusikia kama kisu, amekonda kwa muda mrefu bila wewe kujua, maana manyoya huficha. Hapa ndipo mizani ya kuning'iniza ya jikoni inapostahili bei yake: mtie kwenye mfuko wa kitambaa, mpime kila wiki, andika. Mtetea wa kilo 1.8 akipoteza gramu 180 ana jambo, hata kama anaonekana mchangamfu.

Tumbo, kati ya mwisho wa kidari na njia ya haja, liwe laini. Likiwa gumu, au likitikisika kama mfuko wa maji, soma swali la tumbo hapo chini. Funua manyoya ya nyuma: chawa na mayai yao hujikusanya hapo, na kinyesi kilichoganda huvuta nzi. Ukiona funza, mwoshe kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, watoe kwa kibanio hadi wa mwisho, mkaushe, na umtafute mtaalamu siku hiyo hiyo. Funza hawasubiri.

Malizia na nyayo, zote mbili.

Kinyesi kinaniambia nini?

Cha kawaida ni kigumu kiasi, cha kahawia au kijani kilichokolea, chenye kofia nyeupe. Takriban kimoja kati ya vinane au kumi huwa cha rangi ya chokoleti, kinanata na kunuka. Hicho ni cha kawaida pia. Cha kijani kibichi na majimaji kinatokea kwa kuku asiyekula, na pia kwa mdondo. Chenye damu ni kuhara damu, ingawa kwa mtetea mzee ugonjwa huo si wa kawaida kama kwa vifaranga. Maji meupe matupu ni figo. Vipande vyeupe vinavyotembea, mithili ya punje za mchele, ni minyoo tegu.

Gole lake limejaa na asubuhi haliishi. Nifanye nini?

Tofautisha mawili. Gole gumu kama mpira ni kuziba: amekula nyasi ndefu, kamba ya katani, mfuko wa nailoni. Gole laini kama unga uliochacha, na mdomo unanuka pombe ya kienyeji, ni chakula kilichoharibika ndani pamoja na fangasi.

Kwa gumu: mnyime chakula kwa saa 12, maji yawepo. Mpe mililita 2 za mafuta ya kula kwa tone, kisha likande gole taratibu kwa dakika 5, mara nne kwa siku, ukivunjavunja lile bonge kwa vidole. Likilainika, mwanzishie uji mwepesi wa mahindi na kipande cha papai. Lisipopungua ndani ya siku mbili, hupasuliwa na daktari wa mifugo. Ni upasuaji mdogo kwa mwenye ujuzi, na ni mauaji kwa wembe wa nyumbani.

Kwa linalonuka: ondoa nafaka zote kwa siku moja, mpe maji, halafu chakula laini kidogo kidogo. Dawa ya fangasi huandikwa na daktari. Kuna wanaomning'iniza kuku kichwa chini na kumkamua ili atapike. Tusishabikie hilo: uchafu huingia kwenye njia ya hewa na wengi hufa mikononi.

Gole la mzee likijirudia kuziba, mara nyingi tatizo liko chini zaidi: firigisi isiyo na changarawe, minyoo, au uvimbe tumboni unaobana utumbo. Kuku aliyefungiwa siku nyingi mwekee kijiko cha changarawe ndogo ndogo.

Anasimama wima, anajikamua, mkia unapanda na kushuka. Je, yai limekwama?

Inawezekana sana, na hili ni la haraka. Kwa mzee husababishwa na misuli iliyolegea, upungufu wa kalsiamu, unene, au yai kubwa kupita kawaida. Yai likikaa zaidi ya siku moja linaweza kumuua.

1. Andaa beseni la maji ya nyuzi 38 hadi 40, yaani kama ya kumwogeshea mtoto mchanga. Mkalishe maji yafike tumboni, dakika 20, ukiongeza ya moto pembeni yanapopoa.
2. Mkaushe kabisa kwa taulo. Kuku aliyelowa usiku ni maiti ya asubuhi.
3. Vaa glavu, paka mafuta ya nazi au ya kula kwenye njia ya haja na ndani kidogo, kiasi cha pingili moja ya kidole.
4. Mweke kwenye boksi lenye giza na joto, mwache saa moja bila kumsumbua.
5. Mpe kalsiamu ya maji kutoka duka la dawa za mifugo kwa kipimo cha lebo. Ganda la yai lililosagwa ni zuri kwa kinga, lakini huchelewa mno kwa dharura.

Rudia maji baada ya saa chache. Lisipotoka hadi siku iishe, daktari. Ana kalsiamu ya sindano na dawa za kusukuma. Kitu usichofanya: kulibonyeza kutoka tumboni au kulivunja ndani. Vipande vya ganda hukata njia ya uzazi na usaha hufuata.

Wakati mwingine baada ya kujikamua nyama nyekundu hutokeza nje. Ioshe kwa maji safi yenye chumvi kidogo, ipake Vaseline isikauke, irudishe polepole kwa kidole chenye glavu, na umtenge mara moja. Kuku wenzake wakiiona nyekundu ile wataidonoa hadi utumbo utoke, na hiyo si hadithi ya kutisha watoto.

Tumbo limevimba, lakini hakuna yai. Ni nini?

Kwa mtetea aliyepita miaka mitatu, sababu mbili hutawala. Ya kwanza: kiini cha yai kuangukia tumboni badala ya kuingia kwenye mrija, kisha bakteria huingia na maji hujaa. Pengine hutaga kitu kisicho yai, kipande cha manjano chenye tabaka tabaka kama mpira uliopikwa. Huo ni usaha uliokauka wa mrija wa uzazi. Ya pili: saratani ya mfuko wa mayai. Kuku hupata saratani hiyo wenyewe kwa wingi wanapozeeka, kiasi kwamba wanasayansi huwatumia kuichunguza ile ya wanawake.

Ukweli wenyewe ni huu: hali hizi mara chache hupona. Daktari anaweza kutoa maji kwa sindano, naye akapumua vizuri na kula kwa siku au wiki kadhaa, kisha yakajaa tena. Antibayotiki husaidia mapema, ikichelewa haisaidii. Usijaribu kuchoma tumbo nyumbani. Maji yakitoka yote kwa mara moja kuku hupoteza fahamu.

Anachechemea. Nimeona doa jeusi chini ya wayo.

Hilo ni jipu la wayo. Chanzo ni kuruka kutoka kichanja kirefu, sakafu ya zege au mwiba, kisha bakteria. Loweka mguu dakika 15 kwenye maji ya uvuguvugu yenye kijiko kikubwa cha chumvi kwa lita. Safisha, paka iodini, weka chachi, funga bandeji ikizunguka kati ya vidole bila kukaza; ukiona vidole vinavimba au kupoa, imekaza. Badilisha kila siku. Likiwa dogo, wiki mbili hadi tatu hupungua. Kovu jeusi likilainika na kuachia lenyewe, litoe, lisipoachia usilichimbe. Uvimbe ukipanda juu ya kifundo na mguu ukawa wa moto, usaha umefika kwenye viungo.

Magamba ya miguu yakiinuka na kuonekana kama chokaa imemwagwa chini yake, huo ni utitiri wa miguu. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kwa mswaki wa zamani, kausha, paka Vaseline nyingi hadi iingie chini ya magamba. Rudia kila siku ya tatu kwa wiki tatu, na kuku wote wa banda hilo, si mmoja. Magamba huchukua miezi kurudi hali yake, kwa hiyo usiendelee kumpaka mwaka mzima kwa sababu bado ni mabaya. Mafuta ya taa na oili chafu ya gari ndiyo "dawa" ya mtaani ya ugonjwa huu. Huua utitiri, ndiyo, na huunguza ngozi na kuingia mwilini mwa ndege mwenye nguvu chache.

Nimeangalia mchana sikuona mdudu hata mmoja. Basi hana?

Utitiri mwekundu hukaa kwenye nyufa za banda mchana na hunyonya usiku. Nenda saa tatu usiku na tochi, pitisha karatasi nyeupe chini ya kichanja: ikiwa na michirizi ya damu, umewapata. Mzee hufa kwa kunyonywa damu wakati vijana wanavumilia. Mwage majivu na dawa kwenye nyufa, choma matandiko ya zamani.

Viroboto wanaojishikilia usoni na kwenye upanga kama mbegu nyeusi paka Vaseline, hushindwa kupumua na kuachia. Kwa chawa tumia dawa ya unga ya kuku yenye pamethrini, chini ya mabawa na kuzunguka njia ya haja, rudia baada ya siku 7 hadi 10 kwa sababu mayai hayafi. Dawa ya kuogeshea ng'ombe usiichanganye kwa kukisia.

Je, ni mdondo? Shubiri au pilipili zitamsaidia?

Mdondo, ambao wengine huuita kideri, hauangalii umri na hauji kwa mmoja. Kuku wakianza kufa wawili watatu kwa siku, shingo zinapinda, wanahema kwa mdomo wazi na kinyesi ni cha kijani, fikiria huo kwanza. Hauna tiba. Shubiri, pilipili kichaa na mwarobaini kwenye maji havijawahi kuuponya, anayepona angepona hata bila hivyo. Ubaya wa pilipili ni kwamba maji huwa makali, naye mgonjwa huacha kuyanywa.

Kinga ipo na ni rahisi: chanjo ya I-2 inayovumilia joto, tone moja jichoni, kila baada ya miezi 3 hadi 4. Tanzania hutengenezwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA. Mzee achanjwe kama wengine, ila akiwa mzima. Kumchanja anayeumwa ni kupoteza tone.

Nimpe antibayotiki kabla ya kwenda kwa daktari?

Hapana, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Kwanza, mdondo na ndui ni virusi, na antibayotiki haivigusi. Pili, dawa ya kuchanganya kwenye maji haimfikii asiyekunywa. Inawafikia wazima waliobaki. Tatu, oksitetrasaiklini inayouzwa kila duka hushikana na kalsiamu tumboni, kwa hiyo ukimpa pamoja na chokaa au chakula cha kuku wa mayai umeipunguza nguvu.

Afisa mifugo wa kata akimwandikia, maliza siku zote alizosema hata kama kuku amechangamka siku ya pili. Mayai na nyama visiliwe hadi muda ulioandikwa kwenye lebo upite. Kwa familia yenye mtoto mdogo, hilo siyo la kujadili. Dawa za maumivu za binadamu zisitumike. Kwa yabisi ya viungo daktari ana meloksikamu na anajua kipimo chake kwa uzito.

Kuhusu minyoo: piperazini huua minyoo mviringo mikubwa tu, tegu haiwagusi. Usimpe dawa ya minyoo kuku aliyedhoofu. Mlishe apate nguvu kwanza.

Ale nini?

Mtetea wa kienyeji hula gramu 80 hadi 120 kwa siku. Anayeumwa hatafika hapo, kwa hiyo kile kidogo kiwe na maana: yai la kuchemsha lililopondwa, nusu kwa siku, uji wa pumba na unga wa dagaa, mchicha uliokatwa vidogo, tikiti maji wakati wa joto. Dagaa waoshwe chumvi na mchanga. Weka chakula laini kwenye kisahani kila saa mbili na uondoe kabla hakijachacha.

Wengi huendelea kumpa chakula cha mayai aliyeacha kutaga, na ni kosa. Kina kalsiamu asilimia 3.5 hadi 4, wakati asiyetaga anahitaji kama 1 tu. Ya ziada huchosha figo. Mpe chakula cha kukuzia, na chokaa au maganda yaliyosagwa yawekwe kwenye chombo cha pembeni, anayetaga ajichukulie.

Mahindi yaliyoota ukungu yana sumukuvu inayoharibu ini. Usemi wa "hayafai kwa ugali, wape kuku" umeua kuku wengi. Maharage mabichi, ganda na kokwa la parachichi pia ni sumu.

Banda nilibadilishe?

Kidogo tu. Kichanja kisizidi sentimita 30 hadi 45 kutoka chini, upana wa sentimita 4 au 5, kingo zimelainishwa, na ubao wa kupandia wenye vipande vya kuzuia kuteleza. Maji na chakula viwe sehemu mbili, ili mmoja akifukuzwa apate kwingine. Aliyepofuka usimhamishie vyombo, amevikariri.

Amepona. Namrudishaje kundini?

Kuku husahau, na atapigwa kama mgeni. Mweke kwenye kizimba ndani ya banda lile lile siku mbili au tatu waonane bila kugusana, kisha umwachie jioni wakati wa kulala. Kama alikuwa na ugonjwa wa kuambukiza, subiri angalau siku 14 tangu dalili ziishe. Aliyepona mafua ya kuku hubaki na vijidudu na anaweza kuwaambukiza wapya.

Si ningemchinja tu kabla hajafa?

Kuku aliyevunjika mguu au aliyezeeka akiwa mzima, hilo ni lako. Lakini "kumwahi kwa kisu" kuku mwenye homa, kuhara au uso uliovimba kuna hatari: maji ya kunyonyolea, manyoya na matumbo husambaza ugonjwa mtaa mzima, na anayemchinja hugusa kila kitu. Aliyepewa dawa asiliwe hadi muda wa lebo upite.

Nitajuaje kwamba inatosha?

Hasimami kwa siku mbili, hali wala hanywi bila kulazimishwa, anahema kwa kuachama akiwa ametulia, au tumbo limejaa tena wiki ile ile lililotolewa maji. Likitokea mojawapo pamoja na kidari kama kisu, kumwongezea siku ni kumwongezea mateso. Mwombe afisa mifugo, au mtu mwenye mkono wa uzoefu, afanye haraka na mbali na wenzake.

Akifa?

Akiwa mmoja na chanzo kinajulikana, mzike futi 3 kwenda chini, umwagie chokaa, mbwa wasimfukue. Wakifa zaidi ya mmoja ndani ya wiki, usizike wote: mmoja mtie kwenye mifuko miwili ya plastiki, mweke na barafu bila kumgandisha, umfikishe maabara ya mifugo ndani ya saa 24. TVLA ina makao yake Dar es Salaam na vituo vya kanda, vikiwamo vya Arusha na Mwanza. Aliyeganda au aliyeoza hasomeki. Andika kwenye karatasi umri wake, lini alianza, alipewa dawa gani na siku ngapi, ukaifunge nje ya mfuko.